Fahamu: Majumba ya Fahari Vilimani Gitega na Muyinga

Tangu sheria ya Januari 2019 ilipoifanya Gitega kuwa makao makuu ya siasa ya Burundi, Bujumbura ikabakia na cheo cha mji wa biashara, viwanja vya vilima vya jirani vimetamaniwa na wenye nafasi, nao ni wakuu wa serikali, matajiri wa biashara, na wana wa nchi waliochuma Ulaya. Muyinga, ambako malori ya kutoka Tanzania huingilia mpaka wa Kobero, fedha za tijara nazo hutafuta pa kutulia, na aghalabu hutulia katika matofali.

Amma mwenye kuuza ni mkulima, katika nchi ambayo kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 400 na shamba hugawanywa kwa warithi hata likawa kipande. Akishauza shamba lake la migomba ili alipe ada ya shule au ya tabibu, hapati tena pa kulima. Kanuni ya ardhi ya mwaka 2011 imeziruhusu komini kutoa hati kwa mwenye shamba, na katiba inaamuru fidia ya haki, tena ilipwe kabla, serikali itwaapo mali kwa manufaa ya umma. Lakini bei ya hiari baina ya tajiri na mhitaji haina kinga hiyo.

Na kumbe wafalme wa kale wa Burundi wenyewe, pale Gishora karibu na Gitega, hawakuwa na majumba ya matofali; walikaa katika nyumba za nyasi.