Ufadhili wa Chevening: Vijana wa Pwani, Haya ya Kujisema Inatuponza

Mwaka jana, baada ya swala ya Alasiri, binti mmoja wa mtaani alinijia kibarazani na simu mkononi. Alikuwa akiomba ufadhili wa Chevening kwenda kusoma Uingereza, na alitaka nimpitishie insha yake ya uongozi. Nikaisoma. Ilisema kwamba yeye ni mtu mwenye bidii, anapenda kuongoza, na ana ndoto kubwa ya kuisaidia jamii yake.

Nikamuuliza, "Mwanangu, umeongoza nini?"

"Hakuna, ami. Sijawahi kupewa cheo."

Nilimfahamu vizuri. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwakusanya kina mama wa kijijini kwao kupanda mikoko. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za mikutano na kuweka hesabu ya miche. Siku watu walipokuja kukata mikoko ile usiku, ni yeye aliyefuatana na wazee mpaka kwa chifu. Nilipomkumbusha hayo, alicheka. "Ah, ami! Yale si mambo ya mtaani tu?"

Hapo ndipo tunapoponzwa. Wengi wetu tumelelewa kwamba kujisema ni kujisifu, na kujisifu ni utovu wa adabu. Malezi hayo ni mema, lakini mwenye kuisoma fomu yako yuko mbali, hakujui wewe wala mtaa wako. Usipomwambia ulilolifanya, hana pa kulijulia.

Ufadhili wenyewe ni upi?

Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, unaotolewa kupitia Wizara yake ya Mambo ya Nje pamoja na washirika wake. Ulianza mwaka 1983. Humlipia mtu shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika chuo kikuu cha Uingereza: karo, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, gharama ya kuomba viza, na posho ya kila mwezi. Haulipii mume, mke wala watoto, kwa hivyo mwenye familia azungumze na watu wake mapema.

Fomu ya Chevening haina ada. Sisi wa Pwani tunawajua mawakala. Wamekula pesa za wengi waliotaka kwenda Ghuba. Mtu akikwambia ana njia ya kukupitishia Chevening kwa elfu kadhaa, huyo ni mwizi. Maombi hufanywa na mwombaji mwenyewe katika tovuti rasmi ya Chevening.

Masharti makuu ni haya. Uwe raia wa nchi inayoshiriki, na Kenya imo. Uwe umemaliza shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida vyuo vya Uingereza hutaka iwe ya daraja la pili la juu au zaidi. Uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao wao huuhesabu kuwa saa 2,800. Na ukimaliza masomo, urudi nyumbani ukae miaka miwili.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloeleza mengine yote. Wanatafuta watu ambao watarudi na kuwa na sauti katika nchi zao. Alama za darasani zitakufikisha mlangoni tu. Wanalotaka kulijua ni utakalolifanya ukisharudi.

Saa 2,800 zatoka wapi?

Wengi huishia hapa. Kijana husema, "Mimi sijaajiriwa, basi si wangu." Lakini kazi ya kujitolea huhesabiwa, kazi ya muda huhesabiwa, na waweza kujumlisha kazi kadhaa mpaka zifike.

Chukua kalamu upige hesabu. Mtu aliyejitolea kufundisha saa 15 kwa wiki, kwa wiki 40, amefanya saa 600 kwa mwaka. Akiongeza kazi ya ofisini ya mwaka mmoja na nusu, ya saa 35 kwa wiki kwa wiki 40 za kila mwaka, hizo ni saa 2,100. Jumla ni 2,700. Bado 100 tu. Kina nani kati yetu wana hesabu hizi na hawajawahi kuziandika popote? Ila usiyategemee mafunzo ya kazini uliyoyafanya kama sehemu ya lazima ya shahada yako, na soma kanuni za mwaka unaoomba, kwa sababu hurekebishwa mara kwa mara.

Insha: sema tendo, si sifa

Fomu hukutaka ueleze mambo manne: uongozi wako, namna unavyojenga uhusiano na watu, kwa nini umechagua masomo hayo Uingereza, na mpango wako wa kazi baadaye. Huandikwa kwa Kiingereza, na maneno yana kikomo.

Katika uongozi, usiandike "mimi ni kiongozi mzuri". Eleza palikuwa na tatizo gani, ulifanya nini wewe mwenyewe, na mwisho wake ulikuwa nini. Tulipokaa na yule binti, sentensi yake ya kwanza ilibadilika. Aliandika kuhusu ule usiku wa kukatwa mikoko, kina mama waliotaka kujitoa, na jinsi alivyowarudisha mmoja mmoja. Hakujisifu. Alisimulia tu.

Katika uhusiano na watu, usiorodheshe wakubwa uliopiga picha nao. Toa mfano wa mtu mliyejuana, mkafanya jambo pamoja, likazaa matunda.

Katika masomo na mpango wa kazi, funga uzi kati ya kozi na nyumbani. Atakaye kusoma uhifadhi wa turathi ana Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na Ngome ya Yesu iliyoingizwa mwaka 2011. Atakaye mazingira ya bahari ana Gazi kule Kwale, ambako wanakijiji huuza hewa ya ukaa ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Atakaye uchukuzi na biashara ya bandari ana Kilindini na bandari mpya ya Lamu. Sema pengo ulilolikuta kwetu, kozi itakupa nini, na utarudi ufanye nini nacho.

Andika mwenyewe. Insha ya kuiga ikigunduliwa, ombi lote hutupwa.

Anza kabla ya dirisha kufunguliwa

Maombi hufunguliwa kati ya Agosti na Septemba, na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wanaopita mchujo huitwa kwenye mahojiano mapema mwaka unaofuata, majibu hutoka kuanzia Juni, na masomo huanza Septemba au Oktoba.

Katika fomu utachagua kozi tatu. Kisha, na hili huwapita wengi, itabidi uombe nafasi kwenye vyuo hivyo wewe mwenyewe, kando na Chevening. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi. Utahitaji angalau chuo kimoja kikukubali bila masharti kufikia Julai. Chevening yenyewe haidai mtihani wa Kiingereza, lakini chuo chaweza kuudai.

Ukiitwa kwenye mahojiano utatakiwa barua mbili za watu wa kukushuhudia. Usimwendee mhadhiri wako dakika ya mwisho baada ya miaka minne ya kimya. Mpigie sasa, umjulie hali, umweleze mpango wako.

Na tazama karatasi zako leo. Kwetu ni kawaida cheti cha kuzaliwa kuandikwa Mohamed, kitambulisho Muhammad, na cheti cha chuo Mohammed tena bila jina la babu. Mambo haya hurekebishwa, au huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, lakini huchukua muda. Anayeanza kuyashughulikia wakati viza inangojwa huumia.

Yule binti je?

Aliitwa kwenye mahojiano. Hakuchaguliwa. Alilia siku mbili, na mama yake akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Siku ya tatu alirudi kibarazani na daftari. Alikuwa ameandika kila swali aliloulizwa na kila jibu alilojutia. Chevening haimkatazi mtu kuomba tena, naye anaomba tena.

Nilimwuliza amejifunza nini. Akasema, "Ami, waliniuliza kuhusu mikoko kuliko walivyoniuliza kuhusu digrii."

Basi wazazi, mkiwaona vijana wenu wakijitolea kufundisha, kusafisha ufuo, kupanga hafla za mtaa au kusimamia timu ya mpira, msiwaambie wanapoteza wakati. Na nyinyi vijana, nunueni daftari la shilingi hamsini. Andikeni tarehe, saa mlizofanya kazi, na jambo lililobadilika kwa ajili yenu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kunaanzia kwenye daftari hilo.