Biskuti ni Zako, Lakini Picha ni ya Nani?



Siku hizi vikundi vingi vya akina mama na vijana vimeingia katika kazi ya kuoka. Mwenye oveni anaoka, na mwenye jiko la makaa na sufuria kubwa anaoka pia. Biskuti za kawaida hazileti faida kubwa kwa sababu zinashindana na zile za dukani. Lakini biskuti iliyopambwa kwa aisingi ya rangi, yenye jina la mtoto au picha anayoipenda, watu huinunua kwa bei nzuri. Faida hiyo ndiyo inayolipa karo na kurudisha mkopo wa kikundi.

Hapo ndipo shida huingia. Mteja anakuja na simu yake, anakuonyesha picha ya Spider-Man, au Elsa wa filamu ya Frozen, au beji ya Arsenal. Anasema, "Mama, nitengenezee hamsini kama hizi za Jumamosi." Je, ukubali? Swali hili tunaulizwa mara nyingi tunapotembelea vikundi. Tumeona tulijibu kwa kirefu, maana oda moja kama hiyo inaweza kuweka mtaji wa kikundi kizima hatarini.

HAKIMILIKI NI NINI?

Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa mtu aliyetunga kazi kama mchoro, picha, kitabu au wimbo. Yeye peke yake, au mtu aliyempa ruhusa, ndiye anayeweza kuinakili na kuiuza. Hapa Kenya tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mambo matatu ni muhimu kuyajua.

Kwanza, haki hii haingoji kuandikishwa. Inaanza pale mchoro unapowekwa kwenye karatasi au kitu kingine. Kwa hiyo ukikuta picha haina ile alama ya herufi C ndani ya duara, usidhani ni ya bure.

Pili, sheria haiulizi kama mchoro ni mzuri au mbaya. Katuni ya mistari mitatu inalindwa sawasawa na picha ya fundi mkubwa.

Tatu, haki hii ina mwisho. Kwa michoro, inadumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Chukua mfano wa yule sungura Peter Rabbit. Aliyemchora, Beatrix Potter wa Uingereza, alikufa mwaka 1943. Kwa hesabu hiyo, michoro yake mwenyewe iko huru hapa kwetu. Lakini sungura wa filamu iliyotoka mwaka 2018 ni kazi mpya, na ana wenyewe.

Wengine husema, "Hao ni wazungu, sheria yetu haiwahusu." Sivyo. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993, na nchi za mkataba huo hulindiana kazi za wasanii wao.

KUFULI YA PILI: ALAMA YA BIASHARA

Kuna haki nyingine inayoitwa alama ya biashara. Hii ni jina au nembo inayowaambia watu bidhaa imetoka kwa nani. Huandikishwa kwa miaka 10, na mwenyewe anaweza kuiongeza tena na tena bila mwisho. Kwa hiyo beji ya timu ya mpira au jina la Barbie ni kama mlango wenye kufuli mbili. Hata hakimiliki ikiisha, alama inaweza kuwa bado imefungwa. Mickey Mouse wa filamu ya kwanza, ya mwaka 1928, alitoka kwenye hakimiliki huko Marekani mwaka 2024, lakini kampuni ya Disney bado inamtumia kama alama yake ya biashara.

Alama hizi si mchezo. Huko London, Matthew Reed alikuwa akiuza skafu na kofia za Arsenal nje ya uwanja tangu mwaka 1970. Kwenye kibanda chake aliweka tangazo wazi kwamba bidhaa zake si rasmi. Klabu ilimshtaki, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaipa Arsenal ushindi. Lile tangazo halikumwokoa.

Hata keki zimefika mahakamani. Mwaka 2021 Marks & Spencer ya Uingereza iliishtaki Aldi kwa keki iliyofanana na keki yao ya kiwavi iitwayo Colin the Caterpillar. Baadaye walipatana. Kama maduka makubwa yanashtakiana kwa sababu ya kiwavi wa chokoleti, sisi wadogo tujihadhari.

MANENO TUNAYOSIKIA KWENYE VIKUNDI

"Mimi sikuuza picha, niliuza biskuti." Lakini mteja alilipa zaidi kwa sababu ya ile picha. Kuchora kwa aisingi ni kunakili, sawa na kuchora kwa kalamu.

"Nilibadilisha rangi kidogo." Kama mtoto akiiona bado anasema, "Huyo ni Elsa!", basi hujabadilisha cha maana.

"Mteja ndiye aliyeleta picha." Ni kweli, lakini aliyeitengeneza na kupokea pesa ni wewe.

"Kibati cha kukatia nilikinunua dukani." Kununua kibati si kununua ruhusa ya biashara. Soma maandishi kwenye pakiti, maana vingine vimeandikwa kwamba ni vya matumizi ya nyumbani tu.

"Na nikimpikia mwanangu mwenyewe?" Hapo usiwe na wasiwasi. Sheria inaacha nafasi kwa matumizi ya mtu binafsi. Mambo yanabadilika pale unapouza.

Tusitishane bure. Si rahisi kampuni ya ng'ambo itume wakili kijijini kwa ajili ya biskuti kumi. Lakini kazi yako ikikua, inaonekana. Umeweka picha kwenye mtandao, mwenye haki akalalamika, ukurasa wako ukafutwa pamoja na wateja wote uliowakusanya. Au umepata soko kwenye supamaketi, meneja akaona zile katuni, akakataa mzigo. Na kesi ikifika mahakamani, sheria ina fidia, faini na hata kifungo. Tuseme oda ni ya biskuti 50 kwa shilingi 100 kila moja. Je, shilingi 5,000 zinatosha kununua hatari hiyo?

BASI TUPAMBE KWA NINI?

Kumbe vitu vilivyo huru ni vingi kuliko vilivyofungwa. Hakuna mwenye hakimiliki ya ua, nyota, moyo, samaki, twiga, mpira, herufi au namba. Jina la mtoto na umri wake viko huru. Njiwa na msalaba kwa Komunyo ya Kwanza viko huru, mradi uvichore mwenyewe, usinakili mchoro wa mtu kutoka kwenye kadi.

Mteja akitaka katuni, mwulize mtoto anapenda nini ndani yake. Anayependa Elsa anapenda theluji na rangi ya samawati, na chembe za theluji hazina mwenyewe. Shabiki wa timu mpe jezi ya rangi nyekundu na jina lake mwenyewe, bila beji.

Mawili ya kuangalia. Bendera na nembo ya taifa zina sheria yake, inayokataza kuzitumia kwa biashara bila ruhusa ya maandishi. Hivyo msikimbilie kuzichora kwenye biskuti za Jamhuri Dei. Na sheria ya mwaka 2016 inalinda sanaa za kitamaduni za jamii zetu, kwa hiyo ulizaneni na wenyewe kabla ya kuchukua urembo wao.

Kuhusu mapishi: vipimo vya unga, siagi na sukari havina hakimiliki. Lakini maelezo na picha za kitabu cha mapishi zinayo. Pika, ila usitoe kopi ya kurasa ukaziuza.

NA KAZI YAKO JE?

Sheria hii inakulinda na wewe. Mchoro wako wa twiga aliyevaa kofia ni mali yako tangu siku ulipouchora. Weka daftari la michoro ya kikundi, andika tarehe na jina la aliyechora. Siku jirani akiunakili, mtakuwa na ushahidi. Ukitaka, unaweza pia kuandikisha kazi yako kwa KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki iliyoundwa na sheria ya 2001.

Lakini angalia jambo moja. Mteja akikuagiza umtungie mchoro maalum, sheria ya Kenya huhesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kama unataka kuutumia mchoro huo tena, mwandikiane hata kwenye karatasi ya risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika oda zetu za mwezi uliopita, ni ngapi zilikuwa na picha za watu wengine?

2. Mteja akisisitiza anataka katuni, tutamjibu nini kwa upole bila kumpoteza?

3. Kati yetu nani ana mkono mzuri wa kuchora, na daftari la michoro litatunzwa na nani?