Utangulizi: Utando Unaochagua

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iko katika nchi ya vitunguu na alizeti. Anayeanza kusoma habari za seli hapa hana haja ya kusubiri vifaa vya mbali.

Chukua tabaka nene la kitunguu chekundu, ubandue ngozi nyembamba ya upande wenye rangi, uiweke chini ya hadubini. Utaona vyumba vilivyojaa zambarau hadi ukutani. Dondoshea maji ya chumvi kali. Dakika chache tu, rangi inajikunyata, inaiva zaidi na kuachana na ukuta. Ukuta umebaki palepale, maana chumvi imeupenya. Kilichoizuia ni utando wa seli, ulio ndani ya ukuta huo. Maji yametoka, rangi imebaki. Suuza kwa maji safi, seli itajaa tena. Lakini ukichemsha kipande kingine, rangi inamwagika yote sufuriani: utando umeharibika, hakuna tena wa kuchagua.

Utando wenyewe hauonekani kwa hadubini ya shule; unene wake ni nanomita 7 au 8 hivi. Mwaka 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walikamua mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakahitimisha kuwa utando ni tabaka mbili za mafuta. (Vipimo vyao vilikuwa na kasoro mbili zilizofutana. Sayansi nayo ina bahati zake.) Mikia ya molekuli za mafuta hayo hukimbia maji, ikajificha katikati. Mingi imepinda, kama ilivyo katika mafuta ya alizeti, ndiyo maana utando haugandi. Singer na Nicolson walipendekeza mwaka 1972 kwamba protini huelea humo.

Protini hizo ndizo zinazonivutia mimi. Kwenye seli za utumbo iko moja inayopitisha sodiamu ikiwa pamoja na glukosi, maji hufuata. Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huwafanya wagonjwa wapoteze maji kwa kasi, ila mlango huo haiuharibu. Kwa hiyo sukari iliyomo kwenye ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini anayopewa mtoto anayeharisha, haikuwekwa kwa ajili ya utamu: bila hiyo chumvi haivuki vizuri.

Vitabu vingi huanza na mafuta, protini zikafuata baadaye sana. Sura ya kwanza ya kitabu hiki inaanzia utumboni.