Milioni 40 Dirishani

Msimu wa mpunga ulikuwa umechanganya alipokuja dirishani kwangu, enzi nilipokuwa keshia wa benki, mzee mmoja na mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na shilingi milioni 40, nyingi noti za elfu tano, zimebanwa kwa mipira. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza fedha zimetokana na nini.

"Zimetokana na jasho langu, binti yangu. Au unataka nizirudishe nyumbani?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Swali lile huulizwa kama mahojiano ya polisi, na keshia mwenyewe mara nyingi hajui kulieleza. Leo nafanya hesabu za mafundi, wachuuzi na wanunuzi wa mazao, na karibu kila msimu kuna anayenijia akiwa na hasira ile ile ya mzee.

Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaitaka benki imjue mteja wake na ijue fedha zake zinakotoka. Fedha taslimu zikifikia thamani ya dola 10,000, yaani shilingi milioni 25 hivi kutegemea bei ya dola siku hiyo, benki inapeleka taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Inapelekwa kwa sababu ya ukubwa wa kiasi tu. Hata mkurugenzi wa benki akiweka zake, itapelekwa. Taarifa ya shaka ni jambo jingine. Hiyo hutumwa ndani ya saa 24 tangu benki iingiwe na shaka, kiasi kiwe kikubwa au kidogo, na ni kosa kisheria kumdokeza mteja. Kwa hiyo usimbembeleze keshia akwambie kama "wamekuandika". Akikwambia, kazi hana.

Ukali huu uliongezeka Tanzania ilipoingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji fedha, Oktoba 2022. Tulitolewa Juni 2025, lakini fomu zimebaki pale pale kaunta.

Hapo ndipo wajanja wanapoanza kugawagawa. Milioni tisa leo, tisa kesho, nyingine apeleke shemeji kwa wakala. Mtu anadhani amekwepa mstari wa dola 10,000, kumbe ndiyo amejichora. Mifumo ya benki inajumlisha, na akaunti inayopokea viwango vinavyojirudia chini ya mstari bila kuuvuka ndiyo inayopiga kengele. Milioni 40 za mpunga zilizowekwa mara moja zina maelezo. Zikiletwa vipande vipande kwa mikono minne, utaeleza mpunga na utaeleza vipande.

Nilipofungua faili la mzee niliona kilichokuwa kinatusumbua. Miaka sita nyuma, alipofungua akaunti, aliandika kazi yake "mkulima mdogo" na mapato ya mwezi shilingi 200,000. Wengi tunafanya hivyo. Tunaogopa kutaja kikubwa tukidhani fomu inakwenda moja kwa moja TRA. Tangu hapo alikuwa ameacha jembe, ananunua mpunga mashambani, anakoboa na kuuza mchele Dar es Salaam. Benki haikuwa na habari. Kompyuta ilimwona mtu wa laki mbili akileta milioni 40, na kwa kompyuta hilo ni jambo la kushangaza. Kazi yako ikibadilika, nenda tawini siku isiyo na foleni, na leseni ya biashara na TIN, urekebishe taarifa zako kabla ya fedha kubwa kuja. Ukiweza, fungua akaunti ya biashara peke yake, ada ya shule na mchango wa harusi visichanganyike na mauzo.

Sababu ya kutenganisha ni kodi. Fedha kuingia akaunti hakuzifanyi kuwa mapato, sembuse faida. Katika milioni 40 zile mlikuwa na mtaji, mkopo wa ndugu, nauli ya lori na gharama ya kukoboa. Lakini stetimenti haisemi hayo. Inasema "ameweka" basi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA uwezo wa kuitaka benki itoe taarifa za akaunti, na ofisa akikuta viingilio visivyo na maelezo anaweza kuvihesabu vyote kuwa mauzo. Kuvipinga ni juu yako.

Kutoandika kuna bei. Sheria ya Fedha ya 2019 ilimpangia mfanyabiashara wa mauzo kati ya milioni 7 na 11 kwa mwaka kodi ya shilingi 250,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alipangiwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Mshonaji wa mauzo ya milioni 8 aliyekuwa na daftari alilipa 120,000. Jirani yake asiye nalo alilipa zaidi ya mara mbili.

Kuna kugawa fedha ambako hakuna ubaya, nako ni kuziweka katika benki zaidi ya moja. FBME, benki iliyotuhumiwa na Marekani kwa utakatishaji fedha mwaka 2014, ilipofutiwa leseni na Benki Kuu Mei 2017, bima ya amana ilimlinda kila mteja kwa shilingi milioni 1.5 tu. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi milioni 7.5. Mwenye milioni 40 mahali pamoja ajue hesabu hiyo.

Na yule mzee? Nilimuuliza kama hana karatasi yoyote. Akatoa kwenye koti stakabadhi za ushuru wa mazao, zile wanazokata kwa mashine kwenye geti la halmashauri, kama kumi na tano hivi. Ushahidi mzuri kuliko maelezo yangu yote. Ila nusu yake zilikuwa zimefifia, hazisomeki tarehe wala kiasi. Karatasi ya mashine haivumilii joto la mfukoni. Siku hizi nawaambia wateja wangu wazipige picha kwa simu pale pale getini.