Hesabu Miguu, Usitazame Rangi: Kumtambua Jike wa Papilio Dardanus

Wafugaji wa vipepeo wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, huuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993. Pupa hao husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Lakini pupa hawapatikani bila jike wa kutaga mayai, na kwa kipepeo aitwaye Papilio dardanus, kumpata jike si kazi rahisi.

Dume hana utata. Ni wa manjano iliyopauka na nyeusi, na kila bawa lake la nyuma lina mkia kama wa mbayuwayu. Jike wa Kilifi hana mkia kabisa. Isitoshe, majike wenyewe hawafanani: kuna mweusi mwenye mabaka meupe, na kuna wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Wamejivika sura za vipepeo wa jamii nyingine wenye sumu, ambao ndege huwaepuka. Hata wataalamu walidanganyika, wakawapa majina mbalimbali, hadi Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoonyesha katika miaka ya 1860 kwamba wote ni wa spishi moja.

Kwa hiyo mfugaji atazame miguu. Wale wenye sumu husimama kwa miguu minne, maana miwili ya mbele ni midogo mno na hukunjwa kifuani. Dardanus husimama kwa yote sita. Anayekosea hapa atamwekea kipepeo majani ya jamii ya mchungwa kizimbani na asipate yai hata moja, kwani wale wengine hutaga kwenye mimea tofauti, mingi yao ikiwa na utomvu mweupe.

Pupa pia husema ukweli. Wa dardanus hujifunga uzi wa hariri kiunoni, kichwa kikiwa juu. Wale wengine huning'inia kichwa chini. Na kiwavi wa dardanus akisumbuliwa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Pembe hizo wanazo hata viwavi wa jamaa zake wakubwa wa Papua New Guinea, ambao jike wao mkubwa kuliko wote ana mabawa yanayopita sentimita 25.

Wakazi wanaotaka kuwaona vipepeo hawa kwa karibu wanaweza kutembelea nyumba ya vipepeo ya mradi huo, katika eneo la Magofu ya Gede.