Email za matangazo: sheria iko upande wako

Uko Joburg na kila siku unaletewa email za mikopo na kutuma hela? Sheria ya taarifa binafsi, POPIA, inayosimamiwa tangu 1 Julai 2021, inasema hivi: kampuni ambayo we si mteja wake inaweza kukuomba ruhusa mara moja tu. Ukikataa, basi. Ukinyamaza, hujakubali. Kama ni mteja, kila tangazo lazima likupe njia ya kujitoa bure.

Wakiendelea, lalamika kwa Information Regulator. Si lazima uwe raia. Kampuni ikikaidi amri yao, faini inaweza kufika randi milioni 10. Ila email ya mtu usiyemjua usiibonyeze hata pa kujitoa: tapeli haogopi sheria, anatafuta akiba yako.