Kwa nini Bi Shakila anaimba kwa sauti ya kiume kwenye pleya yako?

Umepata pleya ya mtumba, bei poa, imetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Ukanunua transfoma ya kushusha volti 230 ziwe 110, ukasafisha sindano, ukaweka ile santuri ndogo ya Black Star uliyoachiwa na babu. Bi Shakila anaanza kuimba na watu wote sebuleni wanatazamana. Sauti ni ya mwanamume aliyechoka, na fidla zinajikokota nyuma yake. Utadhani santuri imeharibika. Santuri ni nzima kabisa. Kilichokukwamisha ni hesabu ndogo: 50 gawanya kwa 60.

Tuanze na santuri yenyewe. Ule mfereji wake mwembamba umechongwa mawimbi, na sindano inayumba kuyafuata. Hakuna kitu chochote ndani ya santuri kinachoijulisha pleya kwamba sasa unakwenda taratibu mno. Mfereji ukipita polepole, mawimbi yanafika kwenye sindano yakiwa yameachana zaidi kwa muda, kwa hiyo sauti inashuka na wimbo unarefuka, vyote viwili kwa pamoja. Mwenye kauli ya mwisho ni mota.

Umeme wa TANESCO ni wa hezi 50, yaani kila sekunde mkondo unakwenda na kurudi mara 50. Pleya nyingi nzuri za miaka ya 1960 na 1970 zina mota inayofuata mapigo hayo. Volti zikipanda au kushuka kidogo haijali. Yenyewe inahesabu mapigo tu. Mota ya namna hiyo yenye ncha 16 za sumaku huzunguka mara 375 kwa dakika kwenye hezi 50, na mara 450 kwenye hezi 60. Kutoka hapo puli ndogo na mkanda wa mpira hupunguza mwendo hadi sinia la pleya lizunguke mara 33⅓ au 45 kwa dakika.

Sasa, Marekani umeme ni wa hezi 60. Fundi wa kule aliichonga puli akijua mota itakwenda 450. Ukiileta Ngamiani inakwenda 375, na santuri ya 45 inazunguka mara 37.5. Sauti inashuka zaidi kidogo ya nusu toni tatu, na wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36. Ile transfoma uliyonunua imeiokoa mota isiungue, ndiyo, lakini transfoma hubadilisha volti tu. Mapigo hupita kama yalivyoingia.

Na mapigo hayo yanatoka wapi? Mengine yanatoka karibu na kwetu, Hale na Pangani Falls, kwenye Mto Pangani. Majenereta yote yaliyounganishwa kwenye gridi hulazimika kwenda hatua moja, kama wapiga makasia wa ngalawa moja. Kwa hiyo mota ya pleya yako, kubwa kama ngumi, inacheza kwa kufuata mashine zinazosukumwa na maji ya mto. Mimi hilo bado linanishangaza kila nikiweka santuri.

Usifikiri ni vifaa vya Marekani tu. Saudi Arabia ni hezi 60. Oman na Dubai ni hezi 50, kama sisi. Japani, ambako mitumba mingi hutoka, imegawanyika: Tokyo 50, Osaka 60. Kabla ya kutoa hela, geuza pleya usome kibati cha nyuma. Kikiandikwa 50/60, muulize muuzaji kama puli ya pili ipo. Kikiandikwa 60 pekee, utahitaji fundi wa kukereza puli nene zaidi kwa asilimia 20. Au tafuta pleya ambayo mota yake iko moja kwa moja chini ya sinia na inaongozwa na fuwele ya kwatzi, kama iliyomo kwenye saa ya mkononi. Technics SL-1200MK2 ya 1979 ni mfano maarufu. Hiyo haiulizi gridi inasemaje.

Spidi ikiwa na kosa dogo lisilobadilika, asilimia 1 hivi, wengi wetu hatutaligundua. Sikio huudhika zaidi spidi inapopanda na kushuka. Sikiliza fidla au akodiani ikishikilia noti ndefu: ikiwa inayumbayumba, chukua simu upime muda. Santuri ya 45 humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.33. Yumbo likirudi kila baada ya muda huo, angalia kwanza kama tundu la santuri limetoboka pembeni ya kitovu au imepinda kwa jua. Milimita 1 tu ya kukosea kitovu, sindano ikiwa milimita 60 kutoka katikati, inatosha kuyumbisha sauti asilimia 1.7 juu na chini. Yumbo likija kwa mpigo mwingine, shuku mkanda. Joto letu la pwani huulegeza na kuufanya unatenate. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, huo ni mtetemo wa mota au beringi unaopenya hadi kwenye sindano.

Kupima spidi hakuhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, teremsha sindano juu ya santuri (mzigo wake ni sehemu ya kipimo), kisha hesabu mizunguko kwa dakika 2. Kwa santuri ya 45 upate 90. Ukipata 75, unajua pleya imetoka wapi.

Nayaandika haya kwa sababu watu wengi sasa wanazihamishia santuri za Black Star, Lucky Star, Jamhuri Jazz na Atomic kwenye simu, na kosa la pleya linahamia nazo. Mjukuu atakayesikia faili hilo atajua tu kwamba Bi Shakila alikuwa na sauti nzito. Kama ulirekodi kwa pleya ya hezi 60 kwenye umeme wetu, fungua faili kwenye programu ya bure kama Audacity na uzidishe spidi kwa 1.2. Hakikisha umechagua kubadili spidi, maana kubadili tempo peke yake kutaharakisha wimbo na kuiacha sauti chini kama ilivyokuwa.

Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ni kazi ngumu zaidi. Zama hizo gramafoni nyingi ziliendeshwa kwa springi ya kukaza kwa mkono, na santuri tunazoziita za 78 hazikurekodiwa zote kwenye 78 kamili. Hapo hakuna 1.2 ya kukuokoa. Unajaribu spidi hii na ile, kisha unamwita mzee anayezijua ngoma hizo aje asikilize.